Aliyenivutia Rozari

Katika ndoa yetu mgonjwa nilikuwa mimi. Mume wangu alikuwa mzima wa afya, na kijiji kizima cha Kerege kilitujua hivyo. Baridi yabisi ilinianza vidoleni, ikahamia magotini, ikaweka kambi. Kuna asubuhi nilishindwa kufungua kopo la dawa ambazo nilipaswa kumeza ili niweze kufungua kopo. Yeye akirudi kutoka kwenye mananasi yake ananawa, anakaa kwenye mbuzi, ananikunia nazi. Wenzake walimcheka. Aliwajibu kwamba wali atakula yeye, si wao.

Jioni tulisali rozari. Kwa kuwa vidole vyangu havishiki punje, mimi nilisema maneno, yeye akavuta. Kila baada ya Salamu Maria kumi, pale panapoingia Baba Yetu, alinibonyeza goti, nami nikajua. Miaka yote hiyo sikuwahi kuhesabu chochote.

Kisha kiharusi kikamchukua yeye, shambani, mchana kweupe. Mimi niliyekuwa nimeshajiandaa, hata kitenge cha kuzikiwa nimekichagua, nikabaki. Niseme ukweli: nilimkasirikia Mungu. Sisemi nilihuzunika, maana huzuni watu wanaielewa na kukupa pole. Nilikasirika kama unavyomkasirikia mtu mliyekubaliana naye jambo akageuka. Makaburini, watu wote wakisali Baba Yetu, nilifika pale penye "utakalo lifanyike" nikafunga mdomo. Walidhani ni kilio kimenikaba.

Tangu siku ile sikusali tena. Rozari ilining'inia kwenye msumari kando ya kalenda ya parokia, nami nikawa naipita kama mtu tuliyegombana naye. Hali hiyo ilinitisha. Maumivu nilikuwa nimeyabeba kwa sala tangu yalipoanza, na sasa sikujua nitayabeba kwa kitu gani.

Ikaingia Oktoba. Mwezi huo jumuiya yetu husali rozari nyumba kwa nyumba, na sanamu ya Bikira Maria hulala kila siku kwa mwenyeji mpya. Zamu yangu ilipokaribia, mwenyekiti wetu akaja na uso wa upole.

"Mama, tumeona tusikusumbue. Wewe pumzika, sisi tutakuombea."

Nilimshukuru vizuri, nikamsindikiza hadi mlangoni, kisha nikakaa kitini nikichemka. Kumbe nimeshakuwa mtu wa kuombewa tu, hata kukaribisha wenzangu sifai. Na jambo la aibu ni kwamba, ndani kabisa, nilishukuru pia. Wangekuja, ningelazimika kufungua mdomo.

Siku yenyewe, baada ya alasiri, nikasikia hodi. Alikuwa jirani yangu, mama mmoja Mwislamu, mkubwa kwangu kwa umri, kabeba majamvi yake begani. Kila Oktoba hutuazima, maana yetu hayajawahi kutosha. Jana yake aliiona sanamu kwa jirani wa upande wa pili, akajua leo ni kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wageni wako wapi?"

"Hawaji. Wameniruka. Wanasema nipumzike."

Akayatua majamvi, akanitazama. "Upumzike umefanya kazi gani?"

Akatandika jamvi moja, akaketi, akaegemea ukuta kama mtu aliyekwishafika. Macho yake yakapanda hadi msumarini.

"Marehemu alikuwa akikushikia ile. Nilikuwa nawasikia dirishani."

"Ndiyo."

"Basi nipe nikuvutie. Maneno sema wewe, maana ni yako. Mimi yangu nimeshamaliza msikitini."

Ningekataa, lakini mtu mzima ameacha shughuli zake, tena yuko chini. Nikamwangushia rozari mapajani. Nikaanza Salamu Maria, sauti ikitoka na kutu. Akavuta. Nikaendelea, naye akavuta, gumba lake jepesi, lililozoea tasbihi. Nilisema, nikasema, nikingoja goti libonyezwe. Halikubonyezwa. Nikaendelea tu, mpaka ghafla mkono wake ukasimama, akainamisha kichwa.

"Mama, mbona umesimama?"

"Nimefika thelathini na tatu. Si ndiyo kituo, kama kwenye tasbihi yetu?"

Nikacheka. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na mbavu zangu haziombi sababu ya kuuma. Nikamweleza kwamba ya kwetu ni kumi kumi, na kwamba tumeshamruka Baba Yetu mara tatu nzima.

"Sasa mimi ningejuaje?" akasema, naye akicheka. "Mumeo alikuwa akifanyaje?"

"Alikuwa ananibonyeza goti."

Nilitaka kuonyesha kwa mkono, pale hasa gumba lake lilipokuwa likikaa, na hapo kicheko kikageuka. Nililia kilio nilichokinyima kaburi. Hakuninyamazisha wala hakuniambia ni kazi ya Mungu, neno nililokuwa nimelisikia hadi masikio yamechoka. Alingoja, akazirudisha punje mwanzo.

"Haya. Kumi kumi."

Tukaanza upya. Nikasema, akavuta. Ya kumi ilipopita, mkono wake ukaja kwenye goti langu, mzito kuliko wa mume wangu, na ukabonyeza kwa nguvu mno, pale panapouma. Nikaanza Baba Yetu. Nikafika kwenye "utakalo" nikakwama.

Yeye hakujua ni wapi nilipokwama wala kwa nini. Alijua tu kwamba sijamaliza, kwa hiyo hakuvuta. Mkono ukabaki gotini, punje ikabaki chini ya gumba lake, na nje mtu akapita anauza maandazi, sauti yake ikaja ikaenda.

Nikalisema. Hasira haikuwa imeisha, na sidhani kama imeisha hata leo. Lakini nililisema lote hadi mwisho, na mama akavuta punje.