Kinyago cha Silikoni Tulichokwenda Nacho Usagara

Miaka ile maduka ya mjini yalipoanza kujaa vitu ndipo nilipoijua silikoni. Ni gundi ya kuzibia vioo, inanuka kama siki. Mimi shule niliishia darasa la tatu, tena katikati, lakini kitu kikivutika na kurudi kama ngozi ya mtu, sihitaji mwalimu aniambie kinafaa nini.

Nilikuwa mchekeshaji wa kikundi cha ngoma cha Butimba. Sisi Wasukuma baada ya mavuno hushindana: vikundi viwili, uwanja mmoja, kitakachovuta watu wengi ndicho kinachoshinda. Wenzetu walikuwa na chatu. Miaka miwili alitunyang'anya watu, na niseme ukweli, hata mimi nilichungulia. Vijana wetu wakaapa kwamba tukishindwa tena wanahamia kwa wenye nyoka.

Basi nikafinyanga uso wa bibi kizee kwa udongo, nikaupaka sabuni usinate. Silikoni nikaikanda na unga wa muhogo. Unga ulikuwa wa ugali wa jioni, mke wangu alinuna, na hapo nilikosa. Nikaipaka tabaka kwa tabaka, mikunjo nikaichora kwa mwiba. Ilipokauka nikaibandua, nikatoboa macho, nikashonea nywele za mkia wa ng'ombe, nikaingia nayo jikoni.

Mke wangu akaangusha mwiko. "Huyu uliyemfanya ni mama yangu."

Nikaapa sikujua. Kwetu mkwe hatazamwi usoni. Miaka yote nilimwamkia mama yule nikiangalia miguu yake. Nadhani macho huwa yanaiba yenyewe. Silikoni imekwisha, mashindano ni kesho Usagara, na mkwe anakaa huko huko. Mke wangu akasema nikimwaibisha mama yake, kinyago hicho ndicho kitakachonipikia.

Kesho yake uwanjani nilikivaa. Ningefanyaje? Nikacheza ngoma ya kizee, mara nikaona miguu ninayoijua inatoka upande wa chatu. Mkwe akasimama mbele yangu, akanitazama macho kwa macho.

"Sura umepatia," akasema. "Lakini mimi sichezi vibaya hivyo. Sogea nikuonyeshe."

Akatupa fimbo yake ya kutembelea, akacheza. Uwanja mzima ukahamia kwetu, chatu akabaki na mwenyewe.

Nilipokivua kinyago nipumue, mkwe akageuka haraka. Nikaiamkia miguu yake, shikamoo mama. Akaitikia marahaba akiwa amenipa mgongo, mabega yakimtikisika kwa kicheko.