Masomo Mbele ya Shimo

Watu wa mtaa wa Barani, ninakoishi sasa, huniuliza kwa nini niliacha darasa la wanafunzi arobaini na tano nikawa mwalimu wa mtoto mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba. Huwaambia ni koo, kwamba chaki iliniharibu koo. Hunipa pole na tangawizi. Koo langu ni zima kabisa.

Katikati ya miaka ya themanini nilikuwa nafundisha historia katika shule moja ya sekondari upande wa Marafa. Nilikuwa mwanamke mgeni, nimetoka bara, nina diploma mpya na hasira za karibu. Nilichukia kuwasomea watoto kitabu kilichoeleza habari za kwao kwa mistari mitatu. Kwa hiyo mwanzoni mwa kidato cha nne niliwaambia wakaulize nyumbani, kila mtu alete historia ya boma lao. Wengi waliniletea nusu ukurasa, wengine walinakiliana bila haya, nami niliwafokea ipasavyo.

Msichana mmoja alileta kurasa sita na mchoro. Aliishi na bibi yake, mama wa baba, mwendo wa saa moja kutoka shuleni. Alichora nyumba, zizi la mbuzi, njia ya kutoka barabarani, na kando ya zizi kigango cha babu yake. Kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa kichwa na mabega na kutiwa nakshi. Wagiriama humsimikia mzee wa heshima aliyefariki, roho yake ipate pa kukaa. Kikishasimikwa hakiondolewi; hata watu wakihama, kigango hubaki. Haya yote aliyaandika yeye, mimi sikuyajua. Alikuwa mtoto mkimya, wa kiti cha nyuma, na nilipoisoma kazi yake mbele ya darasa alificha uso kwa daftari. Niliona anacheka.

Mchoro niliubandika ukutani nje ya ofisi. Watalii waliokwenda kulitazama korongo la Nyari walikuwa wakipitia shuleni kwetu, na mwalimu mkuu aliwapenda kwa sababu waliacha kalamu na mipira. Mmoja wao, mzungu aliyejua Kiswahili vizuri, alisimama sana mbele ya ule mchoro. Akaniuliza ni wapi pale. Sikumweleza tu, nilimtoa hadi barabarani nikamwonyesha kwa mkono, upite kisima, ukate kushoto kwenye mikorosho. Nilifurahi kama mama anayesifiwa mwanawe. Ulimi huponza kichwa, wasemavyo, lakini wangu uliponza kichwa cha mwingine.

Baada ya wiki tatu watu wa boma lile waliamka wakakuta kigango kimeng'olewa, limebaki shimo. Siku hizo vigango viliibwa vikauzwa kwa wazungu kama mapambo. Msichana hakuja shuleni wiki hiyo, wala iliyofuata. Wenzake waliniambia bibi amemkataza: shule ndiyo iliyotoa siri ya boma.

Nilikwenda Jumamosi. Bibi alikuwa ameketi mlangoni anapukuchua mahindi. Nilimwamkia shikamoo. Hakuitika. Huku pwani, mtu mzima asipoitikia shikamoo hana haja ya kukutukana tena.

Nilimwomba anirudishie mwanafunzi wangu. Nilisema jina lake limeshaandikishwa kwa mtihani wa mwisho wa mwaka, kwamba mtoto ana akili na mtihani ule ndio mlango wake wa pekee. Aliendelea kupukuchua hadi nikaishiwa maneno. Kisha akasema shuleni mjukuu wake hatarudi, ila atakwenda siku za mtihani tu. Kama nataka kumfundisha, nije mwenyewe, na tukae pale atakapo yeye. Msichana akaleta vigoda viwili akaviweka kando ya zizi, vikielekea shimo.

Ndivyo nilivyoanza kazi hii. Kila Jumatano na Jumamosi nilikwenda kwa miguu, na madaftari ya walimu wenzangu mkobani ili asikose hesabu na masomo mengine. Darasani nilikuwa mtu wa kupiga kelele. Pale nilijifunza kunyamaza. Niligundua hakuwa mkimya hata kidogo, ni mimi niliyekuwa sijampa nafasi. Aliuliza, alibisha, alitaka kujua aliyeandika kitabu alimwuliza nani. Sijawahi kufundisha vizuri kama miezi ile, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Kila tulipomaliza alichuchumaa kando ya shimo, akanong'ona maneno kwa Kigiriama, akamimina maji kidogo kutoka kwenye kata. Nilidhani ni mila. Na kila nilipofika nilimwamkia bibi, na kila mara hakuitika.

Nilijiambia nitasema nilichofanya mtihani ukishapita, nisimvuruge mtoto. Kwa kweli niliogopa. Niliogopa asinipende tena.

Ilipobaki mwezi mmoja, tulikuwa tunarudia somo la vyanzo vya historia, masimulizi ya wazee na kadhalika. Akafunga daftari. Akasema mitihani mingine ataifanya, wa historia hatauandika. Nilipandwa na hasira. Nilimfokea kwamba nimetembea jua na mvua kwa ajili yake, hawezi kunifanyia hivyo. Alingoja nimalize.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyemwuza babu," akasema. "Nilichora njia."

Hapo nikaelewa alichokuwa akinong'ona.

"Si mchoro wako," nikamwambia. "Ni mimi. Mtu aliniuliza, nikamwonyesha njia kwa mkono wangu huu."

"Lini?"

"Kabla hakijaibwa."

Hakulia, na heri angelia.

"Kwa hiyo siku ya kwanza uliyokuja hapa ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na mimi kila siku namwomba babu msamaha, wewe umekaa hapo unanitazama."

Akainuka, akabeba kigoda chake akaingia nacho ndani. Nilikusanya madaftari. Nilipopita mbele ya bibi mlangoni nikajikuta nimesema shikamoo, kana kwamba ndiyo kwanza nafika.

"Marahaba," akasema.

Nikasimama. Akanieleza bila kuinua sauti kwamba yule mzungu alifika bomani siku moja mjukuu akiwa shuleni, akakitazama kigango, akasema ameelekezwa na mwalimu wa historia. Alikuwa akijua tangu mwanzo. Hakumwambia mtoto kwa sababu mtoto alinipenda, na alitaka neno hilo litoke kinywani mwangu. Ndiyo sababu alituweka pale, nilione shimo kila siku hadi niseme.

"Umechelewa, mwanangu," akasema, akarudi kwenye mahindi yake.

Mtihani ulipowadia msichana alikuja, amevaa sare iliyopigwa pasi. Akafanya Kiswahili, hesabu, na mingine yote. Alinipita kwenye veranda asubuhi hizo zote bila kuniamkia, nami sikuwa na haki ya kudai.

Asubuhi ya historia nilifika mapema kuliko wote. Niliitazama ile njia ya mikorosho hadi kengele ikalia. Kupitia dirishani niliiona meza yake, nambari yake imebandikwa, karatasi ya maswali imewekwa kifudifudi, kiti kitupu. Msimamizi aliniambia nisikae dirishani, nikasogea hatua mbili nikabaki papo hapo. Nilisimama mpaka karatasi zikakusanywa, na ile yake ikatiwa bahashani pamoja na nyingine, haijaguswa.