Fundo la Ndama katika Picha ya Wavuvi

Ukifanya kazi mahali kwa miaka kumi na moja, nani ana haki ya kusema hukuwahi kuwapo?

Mzee Elkana, mtunza funguo na mfagiaji wa ukumbi ninakofanya kazi naye hapa Woolwich, London, alizaliwa Nandi, mbali na bahari. Alichojua ni ng'ombe. Mwaka 2003 ajenti wa ajira alimpeleka Portharran, kijiji cha wavuvi Uskoti, kufunga samaki wawili wawili mikia na kuwatundika juu ya moshi. Kijiji hicho kiliishi kwa samaki aina ya heringi vizazi vingi. Heringi walipopungua, vijana walikimbilia visima vya mafuta baharini, na nyumba ya moshi, ya kukaushia samaki, ikabaki kwa akina mama wachache na wageni kumi na wawili: Walatvia, Wafilipino na yeye.

Fundo alilofundishwa lilimshinda. Vidole vilikufa ganzi kwa baridi, uzi ukafyatuka, samaki wakaanguka motoni. Siku ya tatu akaacha ubishi, akatumia fundo la kwao la kufungia ndama: likivutwa hukaza, ukivuta ncha hufunguka. Msimamizi, mama mkali, alilijaribu mara mbili, kisha akaamuru wote walitumie. Hadi nyumba ilipofungwa mwaka 2014, kila samaki aliyetoka kule alifungwa kama ndama wa Nandi.

Wiki iliyopita kampuni inayoigeuza nyumba ile kuwa fleti za wikendi ilikodi ukumbi wetu kwa siku mbili, iwauzie watu wa London. Ukutani waliweka historia ya kijiji. Nimesomea historia chuo kikuu, nikaenda kuisoma. Iliishia mwaka 1960. Baada ya hapo, eti, nyumba ilikaa tu ikisubiri kufufuliwa. Katikati palikuwa na picha kubwa, nyeusi na nyeupe, ya mikono yenye glavu ikifunga samaki. Chini yake: Mvuvi wa zamani, 1952.

Mzee Elkana aliegemea ufagio, akaitazama sana.

"Mwaka huo mama yangu alikuwa hajaolewa," alisema. "Lakini hilo fundo ni langu."

Muuzaji, Natasha, ni binti wa Wakenya aliyezaliwa hapa. Anaelewa Kiswahili ila hujibu kwa Kiingereza. Alisema picha ilitoka kwenye kumbukumbu za kijiji. Mzee akamwomba brosha mbili na kipande cha uzi. Akazikunja, akazifunga bila kutazama, akaziinua kando ya picha. Fundo lile lile, hata ncha iliyolala kushoto. Bosi wake Natasha, aliyekuwa kando, ndiye aliyejibu: historia ilishaidhinishwa na kampuni, na mfagiaji atakayegusa ukuta atashtakiwa kwa mwajiri wake.

Nilitaka kumjibu. Wanataka harufu ya moshi bila mapafu yaliyouvuta! Mzee akanishika mkono.

"Tulia, kijana. Sitaki ugomvi, wala sitaki pole yao. Nataka majina yetu kumi na mawili yaonekane."

Nikamwambia anaweza kupoteza kazi.

"Kazi nitatafuta nyingine," alisema. "Ile miaka kumi na moja nitaitafuta wapi?"

Kesho yake nilifika saa mbili asubuhi. Ukuta ulikuwa haujaguswa. Mbele ya picha, kwenye ngazi anayopandia kubadilisha balbu, mzee alikuwa ametundika samaki wawili wa sokoni, aina ya hadoki, wamefungwa mikia kwa fundo la ndama. Chini yao kulikuwa na kadibodi yenye majina kumi na mawili kwa mwandiko wake. Lake lilikuwa la tisa.

Bosi aliingia, akasimama, akamwamuru Natasha aondoe uchafu ule kabla wateja hawajafika. Natasha alisogea, akayasoma majina yote taratibu, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Akamgeukia mzee, ambaye alikuwa akipiga deki kama siku zote.

"Shikamoo," alimwambia.

Kisha akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akaipita ngazi, akaenda kwenye picha na kuikata kwa mstari ile 1952.