Spika Iliyotema Pumba

Mlio ule bado ninao masikioni. Kwanza nguuuu, ya umeme ukiamka ndani ya boksi. Halafu, kila nilipopiga uzi mnene, chwaa. Chwaa. Kama mtu anayepepeta mpunga gizani.

Nilikuwa nimeunda mtambo wa gitaa la umeme kwa ajili ya bendi yetu, na nilikuwa naringa nao. Gitaa lenyewe nililichonga kwenye ubao wa kichwa cha kitanda. Shingo ilitoka kwenye gitaa bovu la kwaya. Amplifaya ilikuwa ya gari, inakula betri, na spika niliing'oa kwenye sabufa iliyokufa. Mbele nilifunga swichi yenye hatua tatu, nikaziandika kwa rangi ya kucha: KANISA, HARUSI, FUJO. Maana bendi ya Ifakara haichagui kazi. Asubuhi ibada, mchana harusi, jioni vijana wanataka vumbi litimke. Masomo yangu ya umeme yaliishia kidato cha pili, kwenye balbu na betri mbili, lakini kwa swichi ile nilijiona kama ndimi ninayeliwasha bwawa zima la umeme la Kidatu.

Kiongozi wetu, dereva wa bodaboda mwenye sauti tamu na maneno machungu, hakuwa na imani.

"Mdogo wangu," aliniambia, "Jumamosi tuna harusi Lumemo. Kitu chako kikigoma, nachukua mtu wa kinanda. Gitaa utalisikiliza redioni."

"Kaka, kitalia mpaka mtakimbia."

Hapo sikusema uongo.

Kasoro ilikuwa moja tu: boksi la spika lilivuma kama pipa tupu. Fundi redio wa sokoni alinishauri nijaze sufi ndani. Sufi niliyokuwa nayo ilikuwa kwenye mto alionishonea bibi yangu wa Chita, sufi aliyoiokota kwa mikono yake chini ya msufi wake. Ningeuchana vipi? Nikawaza kwa akili ya kwetu: kitu laini, chepesi, cha bure, kipo wapi? Nikaenda nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, nikajaza kiroba cha pumba, nikamimina kwenye boksi mpaka likashiba. Nyumbani lilitoa sauti nzuri ajabu, maana nilipiga taratibu mama asinigombeze.

Harusini, kwenye KANISA, maharusi waliingia na watu wakafuta machozi. Kiongozi akanikonyeza. Kichwa kikavimba. Nikairuka HARUSI, nikaenda FUJO moja kwa moja.

Chwaa! Tundu la hewa mbele ya boksi likatema pumba. Zikatua kwenye shela la bibi harusi, kwenye soda, kwenye upara wa baba mkwe aliyeketi meza ya mbele. Mimi nilikuwa nimefumba macho, kama wapiga gitaa wakubwa, nikidhani kelele zile ni vigelegele vyangu. Nilipofumbua, kuku wawili walikuwa wanadonoa miguuni pangu.

"Jamani," MC akatangaza, "wenye magunia ya mpunga wayalete, mashine imefika!"

Shangazi wa bibi harusi akachukua ufagio, akawa anafagia huku anacheza. "Piga, mwanangu, usione haya!"

Nikapiga. Lakini pumba zilikuwa zimeshaingia nyuma ya spika. Ikakwaruza, ikakohoa, ikanyamaza. Harusi ikamalizwa kwa ngoma na makofi.

Kiongozi alilifunga boksi nyuma ya pikipiki. Tulipofika kwetu, akajipangusa pumba kwenye nyusi.

"Wiki ijayo tunapiga tena. Ikilia safi, nafasi ni yako. Ikitema hata punje moja, kinanda."

"Sawa, kaka."

"Na ukaoge. Unanukia mashine."

Kesho yake mama alipokwenda ibadani, nilimwaga pumba zote uani, nikaipuliza spika kwa mdomo mpaka nikaona nyota. Ikalia. Boksi tupu likavuma tena kama pipa.

Nikaingia ndani, nikautoa mto kitandani. Niliulalia kwanza kidogo, shavu kwenye mshono wa bibi, kama mtu anayeaga stendi. Kisha nikachukua wembe, nikakata uzi wa kwanza.