Baba Alipimwa Tezi kwa Jina la Kaka Yake

Baba yangu alipimwa tezi dume akijiita jina la mtu mwingine. Hadi leo nikikumbuka, natamani kutema mate.

Ilikuwa 1975, tumeshahamia kijiji cha ujamaa, upande wa Kinampanda. Mwenyekiti wetu alikuwa baba mkubwa Philipo, kaka yake baba.

Philipo alikuwa anakojoa kwa tabu. Mgongo unamuuma, anatembea kapinda.

Tukasikia hospitali kaja bingwa wa kupasua saratani ya tezi dume. Ila anachagua. Ikishafika kwenye mifupa, hapasui, maana kisu hakisaidii tena.

Asubuhi Philipo huyo, nyumbani kwetu.

"Simoni mdogo wangu, wewe mzima, mifupa yako haiumi. Nenda ukapimwe, sema wewe ndiye Philipo. Wakishakuchagua, naingia mimi."

"Kaka, si hatari hiyo?"

"Unataka nife?"

Baba akaenda. Akavumilia kidole cha daktari, akakatwa kinyama cha kupimwa.

Majibu akayafuata Philipo mwenyewe. Akakaa huko siku kadhaa, akarudi kanuna.

"Wamenikataa."

Basi, yakaishia hapo.

Mwaka uliofuata akafa. Baba alilia kaburini hadi akashikiliwa. "Nimeshindwa kumsaidia kaka yangu!"

Haukupita muda, baba naye akaanza kushika kiuno. Nikampeleka hospitali. Nesi mmoja, Selina, akamkazia macho.

"Shikamoo mzee. Si wewe ulipimwa hapa, ukasema unaitwa Philipo? Mbona hukuja kupasuliwa?"

"Marahaba. Nipasuliwe nini? Nilikuwa mzima."

Selina akavuta kiti, akakaa.

"Mzee, ulikuwa na saratani. Ndogo, bado imo ndani ya tezi. Daktari alikuchagua wewe! Kitandani akaja kulala mtu mwingine. Daktari kumpima tena, akashtuka, siye. Akamsihi amtaje mwenye ugonjwa ule, maana anapona kabisa. Yule mzee akasema hamjui."

Hamjui!

Mdogo wake wa tumbo moja!

Eti mwenyekiti mzima aonekane mdanganyifu? Bora ndugu yake aoze.

Baba akauliza kitu kimoja tu. "Daktari yule bado yupo?"

Alishaondoka. Na saratani ya baba ilishafika mifupani. Tulimzika kabla ya mavuno.

Wanaume, nendeni mkapimwe, tena kwa majina yenu. Majibu yako kayachukue mwenyewe, hata aliyejitolea kukuchukulia awe ndugu yako wa damu.

Wenzangu hupalilia makaburi yote ya ukoo. La Philipo mimi siligusi.