Sura Waliyoikata

Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea mageti, na mtaani wanamwita Cheche. Ana miaka arobaini na miwili, mabega kama kabati, na mikono yenye makovu madogo madogo ya moto mpaka kwenye viwiko. Ukimkuta ameinamia bomba la chuma huwezi kudhani kwamba huyu ndiye mtu aliyekuwa akifunga karakana mapema kila Jumapili ili awahi katuni ya mapenzi.

Ndivyo ilivyokuwa. Ilianza Mama alipoteleza bafuni akavunjika nyonga. Alirudi kutoka hospitali na amri ya daktari kwamba akae kitini miezi mitatu. Mama yetu si mtu wa kukaa. Amekanyaga cherehani miaka thelathini, na hata akila hula huku mguu unachezacheza chini ya meza. Baada ya wiki mbili alikuwa ameshagombana na redio, na jirani, na mimi. Kaka, anayeishi naye, akaona nyumba itawaka moto. Akaunganisha simu yake na televisheni, akatafuta kitu chochote cha kumtuliza, na bahati ikaangukia kwenye katuni ya Kijapani, zile ambazo vijana huziita anime.

"Mimi mtu mzima unaniwekea vikaragosi?" Mama akauliza.

"Tazama kwanza, Mama. Usipopenda nazima."

Haikuzimwa. Ilikuwa hadithi ya kijana anayetengeneza piano na msichana anayeuza maua dukani mkabala na karakana yake. Majina ya Kijapani yalimshinda Mama, akawabatiza upya. Kijana akawa Mrefu. Msichana, kwa ajili ya nywele zake alizozifunga juu ya kichwa, akawa Kishungi. Wanaongea Kijapani, maandishi ya chini ni ya Kiingereza, na Mama hajui hiki wala kile, kwa hiyo Kaka akawa mdomo wa kila mtu. Mrefu alimpa sauti yake mwenyewe. Kishungi alimlainishia koo, na kumsikia mwanamume wa kilo tisini akisema "Jamani, maua yangu yamelowa" kulinifanya siku moja nikimbilie jikoni nicheke huko.

Hao wawili walipendana tangu kipindi cha pili, na hakuna aliyethubutu kusema. Mama alikuwa akiikaripia televisheni.

"Sema basi, mwanangu! Mdomo umeshonwa?"

Kaka akaingia mtandaoni kuulizia. Akagundua kwamba katuni imetolewa kwenye vitabu, vitano kwa jumla, na kwamba kwenye kitabu cha mwisho wanaoana. Akamletea Mama habari hiyo kama mtu aliyeleta matokeo ya mtihani. "Vumilia tu, Mama. Imeshaandikwa." Tangu hapo Mama alianza kumpangia Kishungi gauni. Alitaka mikono mirefu na kiuno cha kukunja kunja, kwa sababu yule binti ni mwembamba na kitambaa kikimwangukia tu kitamfanya aonekane mgonjwa.

Jumapili ya kipindi cha mwisho nami nilikuwepo. Nilikwenda kumpelekea Mama dawa, nikakuta chai imeshaandaliwa mezani na Kaka ameoga, amevaa shati la kola. "Unakwenda harusini?" nikamuuliza. Akaniambia nikae na ninyamaze.

Mrefu alikuwa amepata kazi mji wa mbali. Alimwachia Kishungi ujumbe dukani: kama una neno la kuniambia, njoo kabla treni ya saa sita haijaondoka. Kishungi akaja. Alikuja mbio kwenye mvua, akasimama mbele ya mlango wa karakana, akainua mkono abishe hodi. Ndani, Mrefu alikuwa akijaribu piano ya mwisho, akiipiga kwa nguvu ajisahaulishe saa. Sisi tulimwona uso, tuliona anavyoteseka. Kishungi alisikia muziki tu. Akadhani mtu anayepiga muziki namna ile ana furaha ya kuondoka. Mkono ukabaki hewani, ukashuka. Akasema neno moja kimyakimya, akageuka, akaondoka. Treni ikapita. Maandishi ya mwisho yakaanza kupanda.

Kaka hakuwa ametafsiri lile neno.

"Amesemaje?" Mama akauliza.

"Amesema..." Kaka akakohoa. "Amesema atarudi kesho."

"Usinidanganye. Mtu wa kurudi kesho hafuti machozi hivyo."

"Amesema, 'Nenda salama.'"

Kaka alisimama. Alirudisha nyuma, tukatazama tena, akarudisha tena, kana kwamba safari ya tatu mkono ungegonga. Kisha akaanza kuzunguka sebuleni. "Wamekata! Wamekata sura nzima! Kwenye kitabu Mrefu anasikia nyayo zake, anafungua mlango, anamkimbiza mpaka kwenye daraja. Vipindi kumi na viwili wametuzungusha, halafu wanaishia mlangoni? Watu gani hawa?"

Nikacheka. Nasema kweli, nilicheka. "Kaka, ni michoro tu hiyo."

Akanigeukia, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Hata hodi hakubisha, mdogo wangu. Angebisha tu. Mara moja."

Nilikuwa natafuta la kumwambia wakati Mama, ambaye hakuwa amesogea kitini, aliposema kwa sauti ndogo, "Wa kwako alibisha."

Hapa inabidi nieleze. Miaka kumi na sita iliyopita Kaka alikuwa na mchumba. Alikuwa mwalimu, mcheshi, mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Baba alikuwa amefariki mwaka huo huo. Mwalimu akapata uhamisho kwenda shule ya mbali, akamtaka Kaka waende pamoja. Kaka akaomba siku chache afikirie, na Mwalimu akasema atakuja Jumamosi kuchukua jibu. Usiku wa kuamkia Jumamosi ile Kaka alikesha akimalizia madirisha ya mtu, akarudi alfajiri, akalala kama gogo. Alipoamka saa nane mchana alikaa kibarazani mpaka giza likaingia. Mwalimu hakutokea. Kaka, kwa kiburi cha ujana, hakumpigia simu. Alisema mtu anayekutaka haji kwa kubembelezwa. Naye Mwalimu hakupiga. Akahama. Miaka yote hiyo, ukimuuliza Kaka kwa nini hakuoa, jibu lake lilikuwa, "Yule hakuja hata kuniaga."

"Alibisha saa tatu asubuhi," Mama akasema. "Nilimfungulia mimi. Ulikuwa chumbani umelala. Nikamwambia hupo." Nilidhani amemaliza. "Nikamwambia umesema asikungoje."

Kwenye televisheni wimbo wa mwisho ulikuwa bado unaimbwa. Kaka akauzima.

"Kwa nini, Mama?"

"Baba yako alikuwa ameshakwenda. Huyu naye," akaninyooshea kidole bila kunitazama, "alikuwa kwa mumewe. Nikaona na wewe ukienda nitabaki naongea na cherehani."

Kaka hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alichukua vikombe vya chai vitatu, vyote vikiwa vimejaa, akavipeleka jikoni, akavimwaga kimoja kimoja. Kisha akatoka. Nilimfuata mpaka nje, nikamkuta ameegemea ukuta.

"Unakumbuka lile geti la majani na ndege?" akaniuliza.

Nalikumbuka. Miaka minne nyuma mwanamume mmoja alimwita atengeneze geti la nyumba mpya, na Kaka alipokwenda kulifunga akakuta mke wa yule bwana ni Mwalimu. Walikuwa wamerudi mjini, na watoto watatu. Kaka alifanya kazi siku mbili bila kumtazama usoni.

"Aliniletea maji," akasema. "Akaniambia, 'Mama hajambo?' Nikasema hajambo, nikavaa barakoa yangu nikaendelea kuchomelea. Alisimama pale kwa muda, mdogo wangu. Alikuwa anataka kuniuliza kitu, nikamwashia moto."

Jumatatu alikwenda kazini na macho mekundu, yamevimba. Fundi rangi wa karakana ya jirani akamuuliza, "Umechomelea bila kinga, fundi?" Akasema ndiyo. Wenzake wakampa pole na dawa ya matone, na akayatia, kwa sababu ndiyo ilikuwa njia fupi.

Wiki tatu zilipita nyumba ikiwa hivyo. Asije mtu akafikiri alimtupa Mama. Alimpa dawa kwa saa, alimpashia maji ya kuoga, alimshika mkono akijifunza kutembea na fimbo. Ila maneno yalikuwa yale ya lazima tu: kula, meza, shika hapa. Jumapili saa tisa, saa yao ya zamani ya katuni, alikuwa karakanani.

Siku Mama alipoweza kufika kona ya mtaa na kurudi, alinipigia simu. "Nipeleke kwa yule binti." Nikakataa. Nikamwambia ana mume, ana maisha yake, kwa nini kwenda kumchokonoa? "Sina la kumchokonoa," akasema. "Nina uongo wangu kwake, nataka kuufuata."

Nikashindwa, nikampeleka. Tulimkuta kwenye shule anayofundisha sasa, wakati wa mapumziko, kwenye chumba cha walimu kilichojaa madaftari. Aliinuka alipotuona. "Shikamoo, Mama," akasema, akamvutia Mama kiti kabla hata ya kuuliza tumefuata nini.

Mama hakuzunguka. Alisema yote, tangu hodi ya kwanza mpaka "usimngoje", akiwa ameikamata fimbo kwa mikono miwili. Mwalimu alisikiliza huku akipanga na kupanga upya kalamu zake mezani.

"Niliamini ni yeye aliyesema," akasema mwishowe. "Miaka yote hii. Hata alipokuja kutufungia geti, alivyonikwepa, nikasema moyoni, kweli huyu hakunitaka." Akajifuta macho kwa kiganja, haraka, kama mtu anayejifuta vumbi la chaki. "Ningemngoja, Mama. Hata mwaka."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusikia," akasema. Hakusema amesamehe. Kengele ikalia, akachukua madaftari yake. Mlangoni akasimama. "Mwambie..." akaanza, akatikisa kichwa. "Hapana. Msalimieni tu."

Mama alimweleza Kaka siku hiyo hiyo, tukiwa mezani. Kaka aliacha kula.

"Kwa hiyo sasa anajua nilikuwa ndani."

"Anajua."

"Akasemaje?"

"Alisema angekungoja. Hata mwaka."

Sikujua kama Mama angelisema hilo. Kaka akaisogeza sahani yake kando. Halafu akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bado anacheka kwa kelele?"

Mama akanitazama, mimi nikamtazama. Hakuna aliyemsikia akicheka siku ile.

"Hatukukaa sana," nikasema.

Kaka akaitikia kwa kichwa, akaitikia tena, kisha akafunika uso kwa mikono yake mikubwa, na mabega yakaanza kutikisika. Mama alijaribu kuinuka amfikie, nyonga ikamrudisha. Akanyoosha mkono juu ya meza, ukaishia karibu na bakuli la mboga, ukakaa pale. Kaka hakuushika. Nami nililia, si kwa ajili ya mmoja wao tu.

Sasa ni miezi mitano. Kaka hajaenda kumwona Mwalimu, na amesema hataenda. Nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu. Bado anaishi na Mama. Wameanza kuongea kidogo kidogo, bei za mbao, mvua, nani kafariki. Wiki iliyopita Mama alimwomba amtafutie hadithi nyingine ya kutazama, hata ya vita, hata ya wanyama.

"Bado, Mama," akamjibu, akaenda kuchemsha maji.