Kikapu cha Mabalungi

Yule mtu wa kipaza sauti nilimdharau kabla hajamaliza sentensi yake ya kwanza. Alikuwa amepanga chupa juu ya turubai karibu na stendi ya Korogwe, suti imempwaya mabegani, anatangaza maji ya balungi yaliyochemshwa na vitunguu saumu. Yanashusha presha, yanasafisha figo, yanaondoa gesi, yanarudisha nguvu za kiume. Nikajiuliza kwa nini yasioteshe na meno kabisa. Na watu wazima, na akili zao, wamesimama juani wanamwitikia kama darasa la kwanza.

Jumamosi hiyo nikaenda Handeni kumwona mama. Hata shikamoo yangu haijaitikiwa sawasawa, nikaiona chupa ile ile mezani, kando ya vidonge vyake vya presha.

"Mama, hata wewe?"

"Si dawa, mwanangu. Ni matunda tu. Jirani kaniletea."

Nikacheka. Nikatoka nayo nje nikaimwaga uani, jirani mwenyewe akiwa amekaa pale anachambua mchicha. Nikamweleza mama, kwa sauti ninayotumia kwa wanafunzi wazito, kwamba maji yale yamechemshwa na mtu asiyejua hata figo iko upande gani. Kama shida ni balungi, nikasema, nitakuletea balungi lenyewe, safi, kutoka mlimani.

Nikaleta kweli. Kila nilipopanda Bungu kwa wakwe zangu nilirudi na kikapu, nikakipeleka Handeni kwa mkono wangu. Nikamwagiza akamue glasi moja kila asubuhi, amezee vidonge vyake, asibakize hata tone. Mama akaitikia.

Wiki ya tatu alianguka akienda kufungulia kuku. Nilipofika hospitali alikuwa amepasuka juu ya jicho, kanga imelowa damu, ananitazama na hanijui. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Tabibu alikuwa kijana wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani. Alipima presha, akarudia kupima. Ilikuwa chini mno.

"Kuna dawa ya kienyeji anatumia, mama?"

"Sisi si watu wa mambo hayo," nikamjibu, kidevu juu.

"Matunda je? Balungi, kwa mfano?"

Nikamtajia kile kikapu. Akanieleza taratibu, na safari hii mwanafunzi mzito nilikuwa mimi. Balungi huuzuia mwili kuivunja dawa ile ya presha anayomeza, kwa hiyo dawa inazidi kwenye damu, na presha inaporomoka. Liwe la kwenye chupa au la kwenye kikapu, kazi yake ni moja.

Kesho yake mama alinitambua. Nilimlisha uji kwa kijiko, naye akameza kidogo kidogo.

"Kizunguzungu kilinianza wiki ile ile ya kwanza," akasema.

"Sasa mbona hukuniambia, mama?"

Akageuzia uso ukutani.

"Ulivyonicheka kwa ile chupa, mwanangu, niliogopa utanicheka tena."